Kupanda Milima na Kukwea Miamba ya Kanda ya Kati kwa Kufuata Majira

Vilima vinavyouzunguka mji wa Dodoma, majabali ya Singida, miteremko ya Kondoa na safu za Mpwapwa haviogopeshi kwa urefu. Mji wa Dodoma wenyewe uko mita zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari, na vilima vingi vilivyo karibu nao mtu mwenye afya njema huvimaliza kabla jua halijawa kali. Kwa sababu hiyo wengi huvipanda bila maandalizi, wakiwa na chupa moja ya maji na viatu vya kuvalia mjini. Hatari ya milima hii imo katika majira. Mwamba ambao mwezi wa Julai ni mkavu, wa baridi na wenye kushika vizuri, mwezi wa Novemba huunguza viganja, na mwezi wa Januari huteleza kiasi kwamba hata wachungaji waliokulia chini yake huuzunguka. Anayetaka kupanda salama achague kwanza mwezi, kisha saa, na mlima auchague mwisho. Mwongozo huu umepangwa kwa mtazamo huo, na unawahusu watembeaji wa milimani pamoja na wale wanaokwea miamba kwa kamba.

Mwaka ulivyo

Msimu wa mvua Dodoma ni mmoja tu. Huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi wa Desemba na kwisha Aprili, na jumla ya mvua ya mwaka mjini ni kati ya milimita 550 na 600, kiasi kidogo ambacho hata hivyo hushuka kwa mikupuo mikubwa ya saa chache. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wake chini ya jina la mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, tofauti na vuli na masika ya pwani na kaskazini. Kwa hiyo anayetoka Arusha, Tanga au Dar es Salaam asije na kalenda ya kwao. Katikati ya msimu, mara nyingi mwezi wa Februari, mvua hukatika kwa siku kadhaa au hata wiki kadhaa, na wageni hudhani imekwisha. Mkulima wa mtama hadanganyiki na ukavu huo, na mpandaji naye asidanganyike.

Mei hadi Agosti ndiyo miezi bora. Anga huwa safi, usiku wa Julai joto mjini hushuka hadi karibu nyuzi 13 za Selsiasi, na mchana hauchoshi. Juu ya milima ya Kiboriani na Rubeho, wilayani Mpwapwa, baridi huzidi hapo, na upepo wa kutoka kusini-mashariki huweza kuvuma siku nzima; mtu aliyetoka jasho njiani akikaa kileleni bila kujifunika hutetemeka upesi. Chukua sweta na koti jepesi la kuzuia upepo, hata kama asubuhi unaondoka mjini ukiwa na shati tu. Mei ina kasoro yake: nyasi bado ni ndefu, huficha mashimo, mawe na nyoka, na njia za mbuzi huwa zimefunikwa. Kwa mgeni ninapendekeza Juni na Julai, wakati nyasi zimelala na mifugo imekwisha kufungua njia.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba kuna suala la moto. Nyasi zilizokauka huwaka kwa urahisi, na moto wa nyika hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyotembea katika tambarare, kwa kuwa joto lake hukausha nyasi zilizo juu kabla ya kuzifikia. Ukiuona moshi upande unakotoka upepo, usikimbilie juu kwenye vichaka. Nenda kwenye mwamba mpana usio na majani, au kwenye eneo lililokwisha kuungua, ukae hapo mpaka upite. Usipike kwa kuni mlimani katika miezi hii. Chakula kilichopikwa nyumbani kinatosha kwa siku moja.

Septemba hadi Novemba ni miezi ya joto na vumbi. Mwezi wa Novemba joto la mchana hufika nyuzi 31 kivulini, na mlimani hakuna kivuli, kwa sababu miti mingi huwa imepukutisha majani. Inawezekana kupanda, lakini uwe umeanza kupambazuka kunapoingia na umeshuka kabla ya saa nne asubuhi.

Msimu wa mvua ndio wenye uzuri mwingi na hatari nyingi. Nyika hubadilika kuwa ya kijani ndani ya wiki chache, maji hukusanyika katika vishimo vya juu ya miamba, na mawingu huifunika Rubeho asubuhi nzima. Nisingemzuia mtembeaji kutoka, ila namwomba azingatie mambo matatu. La kwanza ni radi. Mawingu ya mvua hujengeka mchana, kwa hiyo tembea asubuhi. Na sauti ikisafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko umbali wa kilomita 10 au chini ya hapo, na unapaswa kuwa umekwisha kuacha kilele na mgongo wa mlima. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Jabali lililosimama peke yake katikati ya tambarare, kama yalivyo mengi ya Singida na Dodoma, hupigwa kwa urahisi, na pango fupi la chini yake si mahali pa kujificha, kwa kuwa umeme hupita kwenye uso wa jiwe na kuruka kwenye uwazi wa pango. Mbuyu nao uache.

La pili ni makorongo. Mito mingi ya Kanda ya Kati ni ya mchanga mtupu kwa miezi saba au minane, na mtu anayeivuka asubuhi ikiwa mikavu huikuta jioni imejaa kwa mvua iliyonyesha mbali, mahali ambapo hakuona wingu. Usipige hema mchangani hata kama mchanga ni laini na tambarare. Maji ya tope yakipita magoti usivuke. Keti ng'ambo uliyoko usubiri, kwa sababu makorongo haya hupungua kwa saa chache kama yalivyojaa.

La tatu ni miteremko yenyewe. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang katika mkoa jirani wa Manyara iliporomoka, na tope lililochanganyika na mawe na magogo likaufikia mji wa Katesh. Makumi ya watu walipoteza maisha. Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400 na si kilima cha Dodoma, lakini wapandaji wengi wa Kanda ya Kati huufanya kuwa lengo lao, na waufanye hivyo kati ya Juni na Oktoba. Mvua kubwa ikinyesha siku mbili mfululizo, uahirishe mlima wowote wenye udongo mwingi na mteremko mkali.

Jua liko upande gani

Hapa ndipo wakweaji wengi hupoteza siku zao bila kujua sababu. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Hupita juu kabisa ya utosi mara mbili: karibu tarehe 5 Machi na karibu tarehe 8 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na kati ya Oktoba na Machi huwa upande wa kusini. Maana yake kwa mkweaji ni kubwa. Mwezi wa Juni na Julai, uso wa mwamba unaotazama kusini, ukiwa umesimama wima, hukaa kivulini karibu siku nzima, nao hufaa kwa siku ndefu ya kazi ya kamba. Uso unaotazama kaskazini hupata jua, jambo zuri asubuhi ya baridi na baya ifikapo saa tano.

Oktoba na Novemba hesabu hiyo haifanyi kazi, kwa sababu jua la adhuhuri liko karibu na utosi na hakuna uso wowote wenye kivuli cha maana. Hapo angalia mashariki na magharibi. Uso unaotazama magharibi hubaki kivulini asubuhi yote, na jiwe lake huwa limepoa usiku kucha. Uso unaotazama mashariki huanza kupata moto tangu jua linapochomoza. Dodoma iko magharibi ya mstari unaoongoza saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo jua hufika juu kabisa kati ya saa 6:20 na saa 6:50 mchana, si saa sita kamili, na jiwe huendelea kupata joto kwa saa mbili au tatu baada ya hapo. Jua hutua kati ya saa 12:30 jioni na saa 1 usiku kutegemea mwezi, na giza huingia haraka. Weka kanuni ya kuwa umeanza kushuka saa tisa alasiri, na tochi ya kichwani iwemo mkobani hata kwa safari ya asubuhi.

Jiwe lenyewe

Sehemu kubwa ya miamba ya Dodoma na Singida ni matale, yaani graniti, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, miongoni mwa mawe ya kale zaidi barani Afrika. Yalipoa chini sana ardhini, yakiwa yamebanwa na uzito wa tabaka zilizokuwa juu yake. Tabaka hizo zilipokwisha kumomonyolewa, jiwe lilitanuka na kupasuka sambamba na uso wake, likawa linabambuka kama maganda ya kitunguu. Ndiyo sababu majabali yetu ni ya mviringo, na ndiyo sababu juu yake kuna magamba makubwa yanayoonekana imara huku yameshikiliwa upande mmoja tu. Kabla ya kulikabidhi gamba uzito wako, ligonge kwa ngumi. Lililoungana na mwamba hutoa sauti nzito na fupi, na lililoachana hulia kwa uwazi na wakati mwingine hutetemeka chini ya mkono. Gamba la namna hiyo usilivute kuelekea kwako, na usipachike nyuma yake chuma cha kubania, kile kinachoingizwa kwenye ufa ili kushika kamba, kwa sababu ukianguka chuma hutanua ufa na gamba lote hukufuata.

Juu ya uso wenye mteremko wa wastani, ukwezi wa matale hutegemea miguu kuliko mikono. Tazama jiwe kwa karibu, umbali wa shibiri moja: utaona chembe nyeupe na za waridi zilizojitokeza, nyingine ukubwa wa punje ya mtama, zilizobaki baada ya chembe laini zaidi kuoza. Hizo ndizo ngazi zako. Weka soli bapa juu yake, shusha visigino, simamisha mwili juu ya miguu badala ya kuulaza kwenye mwamba, na usinyooshe mikono mbali juu, kwa kuwa ukifanya hivyo visigino huinuka na mpira huachia. Soli hushika vizuri zaidi jiwe likiwa la baridi. Mpira unapopata moto hulainika na kuteleza, na hiyo ni sababu nyingine ya kukwea mapema.

Michirizi myeusi inayoteremka kwenye mwamba ni njia za maji, na weusi wake ni viumbe vidogo vinavyoishi juu ya jiwe. Wakati wa kiangazi hukauka na hukanyagika. Tone la kwanza la mvua likigusa, hugeuka utelezi mtupu, kwa hiyo kabla ya kukwea wakati wa mvua hakikisha njia yako ya kushukia haivuki michirizi hiyo. Michirizi myeupe mara nyingi ni ya mkojo wa pimbi, na panapoishi pimbi wengi chunguza vizuri nyufa kabla ya kutia mkono, kwa sababu nyoka huwafuata. Tofauti na matale hayo, miamba ya Mpwapwa na Rubeho ina matabaka, na hukatika katika vipande bapa. Huko kofia ngumu ivaliwe hata na anayetembea chini ya genge.

Nyuki

Nimeipa sehemu hii nafasi yake kwa sababu ninaamini nyuki ndio hatari kubwa kuliko zote kwa mkweaji wa Dodoma na Singida, kuliko kuanguka na kuliko nyoka. Mikoa hii ni ya asali. Nyuki wetu hujenga katika mibuyu, katika mizinga na katika nyufa za miamba, na ufa ambao mkweaji anautamani kwa kuwa ni mpana, wenye kina na mkavu, ndio huohuo ambao nyuki huuchagua.

Kabla ya kufunga kamba, kaa chini ya mwamba kimya kwa robo saa na kuutazama dhidi ya anga. Tafuta vidoa vinavyoingia na kutoka mahali pamoja, na alama ya rangi ya kahawia inayong'aa mdomoni mwa ufa. Fanya hivyo jua likiwa limepata nguvu kidogo, kwa kuwa alfajiri ya baridi nyuki hawatoki na mwamba huonekana mtupu. Waulize wachungaji na warina asali. Wao hujua kila ufa wenye wenyewe, na wakikwambia kwamba asali ya mwamba fulani imerinwa juzi, usiukaribie, kwa sababu kundi lililovunjiwa makao hubaki na hasira kwa muda. Miezi ya Septemba hadi Novemba nyuki huwa na kiu na huweza kuja kwenye jasho lako na kwenye mdomo wa chupa. Hao hawana nia mbaya: usiwapige, funika maji, na sogea polepole. Usijipake marashi siku ya kukwea.

Wakikushambulia ukiwa ardhini, kimbia. Usisimame kupunga mikono, na usijitupe majini, kwa sababu watakusubiri juu. Vuta shati lifunike pua na mdomo, acha macho yaone njia tu, na kimbia mpaka uingie ndani ya nyumba au gari lililofungwa. Kundi linaweza kukufuata mamia ya mita. Miiba uikwangue haraka kwa ukucha au kadi. Kinachopimwa ni upesi, kwa kuwa kifuko cha sumu huendelea kusukuma. Mtu anayevimba midomo au ulimi, anayepumua kwa shida au kuzimia apelekwe hospitalini papo hapo, hata kama amechomwa mara moja tu.

Ukiwa juu ya kamba huwezi kukimbia, na hilo linaamua namna ya kupanga ukwezi wenyewe. Kwenye mwamba usioujua, usikwee zaidi ya nusu ya urefu wa kamba. Kwa kamba ya mita 60, ukomo wako ni mita 30, ili mshika kamba aweze kukushusha hadi ardhini kwa mkupuo mmoja bila wewe kufungua fundo lolote. Mkubaliane mapema neno moja tu, "nyuki", na likitamkwa mshika kamba ashushe bila kuuliza. Naye avae suruali, shati la mikono mirefu na wavu wa uso uliofungwa kofiani, kwa sababu akilazimika kuiachia kamba, mwenzake hana mwingine.

Kamba na vyuma

Usitarajie kukuta njia zenye vyuma vilivyokwisha kufungwa kwenye miamba yetu. Jipange kana kwamba hakuna kitu. Kamba zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, za katani au za nailoni, hazifai kumshika mtu anayeanguka. Hazinyumbuki vya kutosha, na mshtuko wote huishia kwenye kiuno cha mkweaji au kwenye kitu kilichofungiwa. Kamba ya kukwelea hutengenezwa ili inyumbuke, na kiwango chake cha Ulaya huandikwa EN 892 kwenye kibandiko cha mwishoni. Kofia ngumu ya kukwelea huandikwa EN 12492. Kamba isiyo na alama hiyo, au ambayo historia yake huijui, ibaki kuwa ya kufungia mizigo.

Mkweaji ajifunge kwa fundo lenye umbo la nane (8) lililorudiwa, na kila mmoja amkague mwenzake kwa kugusa, siyo kwa kuangalia: fundo, mkanda wa kiunoni, kufuli ya karabina, yaani pete ya chuma ya kuunganishia kamba. Mwisho wa pili wa kamba ufungwe fundo ili usipenye mkononi mwa mshika kamba. Palipo na jabali kubwa kileleni, kamba hufungwa juu kwanza na mwanafunzi hukwea akiwa ameshikiliwa kutoka juu, na hivyo ndivyo anayeanza anavyopaswa kujifunza kwa msimu wake wote wa kwanza. Jabali la kufungia liwe limekaa kwenye mwamba, si kwenye udongo, na usitegemee moja tu. Funga mawili, au jabali na mti ulio hai wenye mzizi ndani ya ufa. Weka gunia au turubai lililokunjwa pale kamba inapopinda ukingoni, kwa kuwa chembe za matale hula kamba upesi. Anayekwea bila kamba, hata mita tatu, asipande mahali asipoweza kushuka kwa njia ileile. Ukwezi huo mfundishwe na mtu anayeujua. Maandishi haya hayatoshi kwa kazi ya kamba.

Ruhusa, na mahali pa kuacha

Kila kilima kina wenyewe. Kabla ya kupanda, fika ofisi ya mtendaji wa kijiji, jitambulishe, eleza mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi, na omba mtu wa kuwaongoza; malipo yake mkubaliane mapema. Katika vijiji vya Wagogo, mzee akisalimiwa "Mbukwenyi" kabla ya shikamoo hufurahi, na mazungumzo hufunguka. Milima ya hifadhi ya misitu, kama Mang'alisa upande wa Rubeho, huhitaji pia kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Wakati wa mvua, miguu ya vilima vingi huwa imelimwa mtama, uwele, karanga na alizeti. Zunguka shamba, hata likikuongezea nusu saa.

Kuna miamba ya matambiko, hasa ya kuombea mvua, na wazee wakisema mahali fulani hapapandwi, ombi halirudiwi. Mongomi wa Kolo, wilayani Kondoa, ni mahali pa namna hiyo hadi leo, na pia ni sehemu ya michoro ya miambani iliyoorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, michoro ambayo Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951. Hapo tembea na kiongozi wa ofisi ya mambo ya kale iliyopo Kolo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda michoro hii. Usiiguse, usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, usiwashe moto chini yake, na usikwee jabali lenye michoro wala la jirani yake. Unga ambao wakweaji hupaka mikononi na soli za viatu huacha alama zisizotoka. Mapango mengi yenye michoro hayana kibao, kwa hiyo kwenye mteremko wowote wa Kondoa chunguza kuta zilizo chini ya mwamba ulioinama kabla ya kuweka mkono.

Kondoa ina jambo lingine. Udongo wake uliliwa na mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoathirika zaidi. Majani yalirudi kwa taabu. Tembea kwenye njia iliyopo, usikate moja kwa moja kuteremka mlima, na usisimame ukingoni mwa korongo, kwa sababu chini ya ukingo huo mara nyingi pamekwisha kulika na kilichobaki ni mizizi na tabaka jembamba la udongo.

Maji, chakula na mavazi

Chukua lita tatu kwa mtu katika miezi ya baridi na lita tano Septemba hadi Novemba, na usitegemee kupata maji juu. Maji ya Ziwa Singidani na Kindai yana magadi na chumvi, hayafai kunywa. Ya visima vya mchangani na ya vishimo vya mwambani yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Kwa anayetoka jasho jingi, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, usizidishe chumvi. Unga wa ubuyu ukiongezwa hunyweka kwa raha. Karanga, viazi vitamu vilivyochemshwa na chapati zinatosha.

Vaa suruali nzito na mikono mirefu kwa ajili ya miiba ya migunga na upupu, ambao maganda yake hukauka baada ya mvua na kumwaga vinyweleo kwa upepo. Ukishikwa na upupu usijikune. Vibandue vinyweleo kwa plasta ya kunata, kisha oga na ubadili nguo. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, oshea kwa maji mengi kwa dakika 15 bila kukoma na nenda hospitalini.

Dharura

Hesabu umbali wa barabara, siyo wa mlima. Katika sehemu nyingi za Mpwapwa na Kondoa kumteremsha majeruhi hadi kwenye gari huchukua muda mrefu kuliko safari ya gari yenyewe, kwa hiyo kundi la watu wanne ni dogo kabisa linalofaa: mmoja anabaki na majeruhi na wawili wanakwenda kutafuta msaada. Andika mahali ambapo simu ilishika mara ya mwisho mnapopanda. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114 na ya Polisi ni 112, lakini msaada wa kwanza utatoka kijijini, na ndiyo maana mtendaji anapaswa kuwa na majina yenu na saa ya kurudi.

Aliyeumwa na nyoka, awe kifutu, swila au koboko, alazwe, kiungo kilichoumwa kifungwe gango kisitikisike, na pete, saa na viatu vivuliwe kabla ya kuvimba. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu, usiweke jiwe la nyoka kwanza ukasubiri. Usimtafute nyoka ili umuue. Eleza tu rangi na umbo lake. Mbebeni kwa machela ya miti miwili na mashati, asitembee mwenyewe, na mmoja atangulie kwa simu au kwa pikipiki kuiarifu hospitali ya wilaya, ili kama haina dawa ya sumu ya nyoka aelekezwe mapema kwenda hospitali ya rufaa mjini.